Nyota za Ndani ya Kamera

Kazini walimwita Fundi Baridi. Haikuwa kwa sababu ya tabia, maana damu yake ilikuwa ya moto na ulimi wake haukuwa na breki. Ilikuwa kwa sababu ya kazi. Alitengeneza majokofu ya chanjo katika zahanati za mbali, zile ambazo zikitajwa ofisini kila mtu huinama kufunga kamba za viatu. Jokofu likikataa kupoza, chanjo za watoto zinaharibika, na muuguzi wa zahanati hupiga simu sauti ikiwa karibu na kilio. Hapo Fundi Baridi hufunga begi lake la vyuma, huaga nyumbani, na Dereva huwasha gari.

Dereva alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kuendesha kama aliyebeba mayai ya jirani. Walikuwa wamesafiri pamoja kwa muda mrefu hata mume wa Fundi, Baba Pacha, alipotaka kujua mkewe ameamkaje safarini, alimpigia Dereva kwanza. "Mwenyewe atasema hajambo hata akiwa na homa," alisema. "Dereva hana sababu ya kunidanganya."

Safari hizo ndizo zilizomwingiza Fundi kwenye picha. Alianza na simu tu, mkono nje ya dirisha, akipiga jua linapozama. Wenzake ofisini walimcheka: jua ni lile lile, leo linazama, kesho linazama, kuna jipya gani? Fundi alijua tu kwamba jioni ilimgusa mahali fulani. Mwanga ule wa mwisho, wa rangi ya shaba, aliupenda kama mtu anavyompenda mgeni atakayeondoka kabla ya chakula. Ukishaondoka, kwake dunia ilifungwa palepale. Hapakuwa na kile kipindi ambacho watu wengine huendelea kukaa nje wakipiga soga bila taa. Kwake jua lilizama na mlango ukabamizwa. Alidhani ni hivyo kwa kila mtu.

Hilo ndilo la kushika katika habari hii. Alidhani ni hivyo kwa kila mtu. Tangu utotoni, giza likiingia alitembea akipapasa. Alikanyaga ndoo, aligonga milango, alimkalia paka. Nyumbani walisema miguu yake ina kigugumizi. Mama yake akimtuma nje jioni, alisimama mlangoni akilia, na dada yake akamwita mwoga. Naye akakubali kwamba ni mwoga. Aliwasikia wenzake wakikimbizana na kucheka uani usiku, akajiambia: wanaona giza lile lile ninaloliona mimi, ila wao wamepewa ujasiri. Shuleni alivalishwa miwani. Alipimwa macho zaidi ya mara moja, akasomeshwa herufi ukutani chini ya taa kali, na herufi alizisoma. Nani angefikiria kumpima gizani?

Basi siku moja mwenye studio ya mtaani kwao alikuwa anafunga biashara, kwa kuwa siku hizi kila mtu ni mpiga picha, na Fundi akanunua kwake kamera ya zamani pamoja na stendi yake ya miguu mitatu. Mwenye studio alimwonyesha namna ya kuliacha jicho la kamera wazi kwa muda mrefu ili likusanye mwanga kidogo kidogo. "Hata usiku mtupu," alimwambia, "kitu kitatokea."

Safari iliyofuata, Fundi alisimamisha stendi uani kwenye nyumba ya wageni kungali na mwanga, akaielekeza kamera juu, akasubiri giza liingie. Juu yake hapakuwa na kitu. Palikuwa na weusi, kama ndani ya mtungi. Akabonyeza, akahesabu polepole, kamera ikalia ta. Alipotazama kioo kidogo cha nyuma, alikisogelea zaidi. Kilikuwa kimejaa nyota. Nyota kama unga uliomwagika, nyingine zimesongana zikafanya kama njia ya moshi kutoka pembe hii mpaka ile. Aliinua uso, akatazama juu tena. Weusi. Akatazama kioo. Nyota.

"Dereva!" aliita. "Njoo uone mashine hii inavyofanya!"

Dereva alikuja, akatazama, akasema, "Ee bwana, zimetoka vizuri."

Zimetoka vizuri. Maneno hayo hayakumshtua. Alielewa kwamba kamera imezitoa mahali zilipojificha, kama dawa ya kusafishia picha zamani ilivyotoa sura ya mtu kwenye karatasi nyeupe. Tangu usiku huo akawa kama mtu aliyepata mpenzi mpya. Popote walipolala, kamera ililala nje. Juu ya paa za zahanati, juu ya matangi ya maji, juu ya gari lao lenyewe, nyota zilimwagika. Aliwatumia ndugu zake. Walijibu, "Nzuri sana," "Hongera," "Umeziweza." Hakuna aliyeuliza swali, naye hakuuliza. Aliwahurumia kidogo, wao wasio na kamera.

Labda utauliza, mbona watu huzungumza juu ya nyota kila siku, hakusikia? Alisikia. Alisikia watu wakisema nyota zimejaa angani kama mchanga. Lakini watu husema mengi. Husema moyo umevunjika, na hakuna aliyeokota vipande. Husema roho imemtoka kwa hofu, kumbe yuko palepale anakunywa chai. Yeye alijua mwezi, kwa sababu mwezi aliuona, na nyota moja mbili kali aliziona kwa shida. Yaliyobaki alidhani ni lugha tu.

*

Mambo yaligeuka katika zahanati moja ndogo iliyokuwa peke yake kando ya barabara. Jokofu lilikuwa limeziba bomba, kazi ikawa ndefu, na ilipokwisha jua lilikuwa limekwenda. Muuguzi wa pale, mama mmoja mchangamfu mwenye kofia ya sufu, aliwaomba walale. Fundi akatoa kamera yake kama kawaida, Dereva akamshikia tochi mpaka stendi ikasimama, kisha akaizima.

Alipiga picha ya kwanza. Dereva alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mfukoni.

"Lakini Fundi," alisema, "mbona kila siku unapiga huku tu? Ile nyekundu pale juu ya paa huitaki? Ile ndiyo nzuri."

"Nyekundu ipi?"

"Ile pale. Kulia kwa bomba la moshi."

Fundi aligeuka. Paa lenyewe hakuliona. "Unanitania."

"Nikutanie nini? Ile pale, peke yake. Na chini yake kuna tatu zimejipanga."

"Dereva, sina nguvu za mizaha leo. Kamera bado haijageuka huko, wewe umejuaje kilichopo?"

Dereva akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua amcheke nani. "Kwa macho," alisema.

Aliushika mkono wa Fundi, akaunyoosha, akakunja kidole kimoja kimoja mpaka kikabaki cha shahada, akakielekeza juu. "Fuata kidole chako." Fundi alikifuata. Kidole chenyewe kiliishia gizani.

Wakati huo muuguzi alitoka na beseni la maji akayamwaga. Fundi akamwita kwa sauti ya ukali ambayo baadaye ilimtia aibu. "Mama, samahani. Hebu njoo utuamue. Huyu bwana anasema kuna nyota nyekundu. Wewe unaona nyota?"

Muuguzi alisimama na beseni lake tupu. "Nyota?" aliuliza, kama aliyeulizwa kama anaona zahanati. "Mbona zimejaa tele, mwanangu?"

"Nyekundu iko wapi?"

"Si ile pale juu ya paa, karibu na bomba."

Fundi alikasirika. Alijua wamepatana. Dereva alikuwa pale siku nzima, angeweza kumpanga muuguzi wakati yeye amelala chali nyuma ya jokofu. Aliwasha tochi, akageuza stendi kwa hasira kuelekea lilikokuwa paa, akabonyeza, akahesabu. Wote watatu walisubiri. Kamera ikalia ta.

Kioo kikawaka. Paa lilikuwepo, bomba lilikuwepo, na kulia kwa bomba ilikuwepo nyota kubwa yenye wekundu kama kaa la moto, na chini yake tatu zimejipanga.

Hasira ilimtoka, kikaingia kitu asichokijua jina. Alimtazama Dereva ambaye sasa, kwa mwanga wa kioo, alionekana uso tu.

"Ulijuaje?" aliuliza polepole.

Dereva naye akauliza, "Kwani wewe, Fundi, miaka yote hii ulikuwa unaona nini?"

Hilo ndilo swali lililomlaza macho. Alilala kitandani kwenye chumba cha wagonjwa, kikiwa kitupu siku hiyo, akijaribu kulijibu. Alikuwa anaona nini? Alikuwa anaona usiku. Usiku ni mweusi. Ndiyo maana ukaitwa usiku. Kama wengine wanaona kitu kingine, basi wanapotamka neno lile wanataja kitu asichowahi kukutana nacho. Na kama neno usiku si lile lile, je, mengine? Alianza kuyapitia: bluu, tamu, maumivu. Alifika mbali mno, akajikamata, akajiambia alale. Hakulala.

*

Aliporudi nyumbani alisubiri watoto wamalize kula, akamwuliza mumewe, "Baba Pacha, ukitoka nje sasa hivi, unaona nyota ngapi?"

Baba Pacha alidhani ni kitendawili. "Tega," alisema.

"Sitegi. Nauliza."

"Nitazihesabuje nyota, Mama Pacha? Nani anahesabu nyota?"

"Lakini ziko nyingi?"

Mumewe aliweka kikombe chini. Alikuwa fundi viatu, mtu wa kutazama kitu kwa karibu kabla ya kukishona, na sasa akamtazama mkewe hivyo. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akakumbuka jinsi tangu wachumbiane mkewe alivyokuwa akimshika mkono kila wakitoka jioni, yeye akidhani ni mapenzi.

"Ilikuwa mapenzi pia," alisema Fundi haraka.

"Sawa," alisema Baba Pacha, ila uso wake ulionyesha anapiga hesabu upya.

Wakawatoa nje wale pacha, wasichana wawili wa umri wa kuanza shule, wakawasimamisha mbali na taa ya mlango. "Mnaona nini juu?" aliuliza mama yao.

"Nyota!" alisema Kulwa.

"Na mimi nyota!" alisema Doto.

"Nyingi?"

"Nyingi!"

"Na mimi nyingi!"

Fundi alishika kiuno. Doto tangu azaliwe alikuwa mwangwi wa dada yake. Kulwa akisema tumbo linauma, la Doto linauma. Alimgeuza Doto peke yake, akamwambia aonyeshe nyota kubwa kwa kidole. Doto alinyoosha kidole mahali. Lakini kidole kikawa sahihi au si sahihi, mama angejuaje? Ilibidi amwulize Baba Pacha, naye akasema, "Nadhani kaonyesha penyewe. Au karibu na penyewe." Wakaingia ndani bila uhakika wowote.

Daktari wa macho waliyemwendea baadaye alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini. Alimtia Fundi dawa machoni, akamkalisha kwenye chumba chenye giza mpaka akasahau mikono yake iko wapi, akampima kwa vimulimuli hafifu ambavyo Fundi hakuviona hadi vilipokuwa vikali. Kisha akawasha taa na kumweleza. Macho yake yalizaliwa bila uwezo wa kuona penye mwanga mdogo. Mchana hayana neno, miwani inatosha. Hali hiyo haitazidi, haitamfanya kipofu, na haina dawa. Mara nyingi hupita ndani ya ukoo, ikirukia huyu na kumwacha yule. Doto na Kulwa walikuwa wamepimwa pia, na wote wawili walikuwa salama.

"Kwa hiyo sijapoteza kitu," alisema Fundi.

"Hapana. Uko vilevile ulivyokuwa."

"Basi mbona naona kama nimeibiwa?"

Daktari akamwandikia tarehe ya kurudi.

*

Neno ukoo ndilo lililompeleka kwa mama yake. Alimkuta anakunja nguo zilizokauka. Akamsalimia, akasaidia kukunja, kisha akasema yote aliyosema daktari. Mama alisikiliza huku akinyoosha kola ya shati moja mara nyingi kuliko shati lilivyohitaji.

"Mama, kwetu kuna mwingine aliyekuwa hivi?"

"Hakuna," alisema mama. "Labda... hapana, yule ni mambo ya pombe."

"Nani?"

"Mjomba wako."

Mjomba huyo, kaka mkubwa wa mama, watoto wote walimjua kwa jina la Mjomba Chupa. Alikuwa seremala wa milango katika mji mwingine. Habari zake zilijulikana: kila jioni alirudi nyumbani ameshika kuta, alitumbukia mitaroni, aliwapita watu wazima njiani bila salamu, na siku moja aliingia nyumba ya jirani akakaa kitako akidhani ni kwake. Mkewe alivumilia, akachoka, akaondoka.

"Mama," alisema Fundi, "alikuwa ananuka pombe?"

Mama aligeuza shati upande wa pili.

"Uliwahi kumsikia ananuka?"

"Walisema anakunywa ile isiyonuka."

"Ipi hiyo isiyonuka?"

Mama aliliweka lile shati juu ya rundo, akalichukua tena, akalikunjua. "Alikuwa anaapa," alisema. "Aliapa mbele ya baba yetu kwamba hajagusa. Baba akamwambia, lisemwalo lipo. Mimi nilikuwepo, nimesimama mlangoni. Na mchana, mwanangu, mchana alikuwa mzima kabisa! Sisi tukasema, unaona? Mchana anajizuia, jua likizama anakwenda." Alimtazama bintiye kama anayetaka kuambiwa kwamba amekosea. "Sasa ndiyo nini hii? Ina maana gani?"

Fundi alilichukua lile shati, akalikunja.

Safari iliyofuata barabara yao ilipita karibu na mji ule. Dereva alikata kona bila kuombwa mara mbili. Karakana ya Mjomba ilikuwa kibanda kirefu cha mabati, ndani kumesimama milango isiyo na nyumba, mmoja nyuma ya mwingine, na sakafu imefunikwa na maranda yaliyojikunja kama nywele. Ilikuwa alasiri, na yeye alikuwa tayari anakusanya randa na patasi zake afunge.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?" Alimsogelea, akamtambua. "Ah! Mtoto wa dada. Mama yako amekutuma uje kuniona kama bado nipo wima?"

Alikuwa mwembamba, msafi, shati lake limepigwa pasi. Fundi alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani, yote yakamkimbia.

"Mjomba, wewe usiku unaona nini?"

"Usiku?" Alimtazama kwa wasiwasi. "Nani anaona usiku? Usiku ni usiku."

"Watu wengine wanaona."

"Wanazoea."

"Hapana, Mjomba. Na mimi nilidhani hivyo. Wanaona."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akarudi nyuma, akachanganya daktari na muuguzi. Mjomba aliendelea kupanga patasi kwa ukubwa, kisha akasimama na moja mkononi. Alicheka kwanza, kicheko cha kutoamini. Kisha akavuta kibao akakaa.

"Unajua," alisema, "watu wote wakikuambia umelewa, mwisho unaanza kujinusa. Mimi nilijinusa. Naamka asubuhi najiuliza, labda nakunywa halafu nasahau? Mke wangu alikuwa anatafuta chupa chini ya kitanda. Nami nikawa natafuta naye. Siku moja nikasema, basi, jina nimeshapewa bure, ngoja nilifanyie kazi. Nikaenda nikanywa. Nikatapika mpaka roho ikataka kutoka. Sikurudia." Alifuta patasi kwenye suruali. "Na siku hiyo niliyolewa kweli, nilirudi mchana, nimenyooka, hakuna aliyenisema."

Dereva alicheka, akajizuia, kisha Mjomba mwenyewe akacheka, wote wakacheka mpaka Fundi akalazimika kuvua miwani aifute.

Kisha Mjomba akauliza, "Sasa hao wengine wanaona nini huko juu?"

Fundi alitoa kamera. Waliingia kwenye kona yenye kivuli ili kioo kionekane vizuri, na akamwonyesha ile picha ya zahanati. Mjomba aliishika kwa mikono miwili kama inayoweza kumwagika. Alikaa nayo muda mrefu.

"Hivi ndivyo wanavyoona? Kila siku? Na wanaingia kulala?"

"Nadhani."

"Unadhani?"

Ni kweli, hakujua. Yeye pia alikuwa ameziona nyota kwenye kioo tu. Akamwita Dereva. "Hebu mwambie Mjomba. Ndivyo mnavyoona?"

Dereva alikunja uso, akatazama picha, akatazama dari ya mabati kana kwamba anga iko pale. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulimtesa. "Hapana," alisema mwishowe. "Si hivi hasa. Ile nyekundu ndiyo, na zile tatu. Lakini hizi za unga unga nyingi hata mimi sijawahi kuziona. Kamera inachota zaidi ya macho. Na rangi hizi... hapana, mimi naona nyeupe nyeupe tu."

Mjomba alimgeukia Fundi, akamgeukia Dereva. "Mimi naona weusi. Huyu anaona nusu. Mashine inaona zote. Basi nani anaona sawasawa?"

Nje watoto wa shule walikuwa wanarudi, na mmoja akachungulia akaita, "Mjomba Chupa, mpira wetu umeingia kwako!" Mjomba akauokota katikati ya milango, akautupa nje, akarudi kukaa.

*

Wiki chache baadaye Fundi alimpeleka kwa yule daktari, na majibu yakawa yale yale. Watu wangedhani mtu aliyesafishwa jina namna hiyo angetembea mtaani akitangaza. Mjomba hakutangaza. Alisema hajui aanzie nyumba ipi, na waliomcheka zaidi wengi walikwisha kufa. Dada yake, mama yake Fundi, alisafiri kwenda kumwomba radhi. Alifika, wakasalimiana, akasema, "Kaka, nisamehe." Mjomba akauliza, "Nikusamehe nini? Hata mimi sikujua." Mama alikuwa ameandaa machozi kwa kesi nyingine kabisa, na sasa hakujua ayapeleke wapi. Akachukua ufagio akaanza kufagia maranda, mpaka kaka yake akamwambia ayaache, kuna mtu wa kuku anakuja kuyachukua.

Fundi naye aliiacha kamera kwa muda. Ilimkera. Zamani alijiona mtu anayetoa nyota mafichoni, na sasa alijiona kama mtu aliyekuwa anawatumia majirani picha za mlango wao wenyewe. Baba Pacha alimwambia asiwe na kiburi: nani mwingine ofisini amewahi hata kuinua shingo? Hilo lilimsaidia kidogo. Lililomsaidia zaidi ni jua, ambalo aliliona kwa macho yake mwenyewe. Alirudi kupiga jioni, mkono nje ya dirisha, kama mwanzo. Baadaye, safari moja, Dereva mwenyewe ndiye aliyeitoa stendi kwenye buti la gari. "Kuna moja leo imekaa peke yake upande wa kushoto," alisema, "nikuelekezee?" Tangu hapo walifanya hivyo: yeye akishika kamera, Dereva akisema juu kidogo, kulia kidogo, hapo hapo. Picha zikawa tofauti. Kama ni bora au mbaya zaidi, hakuweza kuamua, na akimwuliza Dereva alisema zote zimetoka vizuri.

Siku moja Mjomba alimpigia simu mchana.

"Nimekwenda kwa mama watoto," alisema. Alimaanisha yule aliyekuwa mkewe, ambaye sasa alikuwa na mume mwingine na wajukuu. "Nilikuwa najiuliza nimwambie au nisimwambie. Nikaenda. Nikamwambia yote. Nikampa na karatasi ya daktari."

"Akasemaje?"

"Aliisoma. Akairudia. Akamwita mumewe, naye akaisoma. Wakaniletea kiti. Halafu akaniuliza, 'Sasa unataka nifanye nini?'"

"Na wewe ukasemaje, Mjomba?"

"Nikasema sijui. Nikamwambia, 'Nilidhani wewe utajua.'"

Sauti yake ilitetemeka upande wa pili. Fundi alibana simu sikioni, akiwa amepiga magoti mbele ya jokofu lililofunguliwa mgongo, akasikiliza kama anacheka au analia.

"Mjomba, unalia?"

"Ngoja," alisema Mjomba. Akapenga kamasi. "Walinisindikiza mpaka barabarani, jua bado lipo. Yule mumewe ni mtu mzuri, unajua? Ana mlango umeoza pale nyuma. Nimeupima. Nitamtengenezea."